Uzee unasingiziwa: mashine za Nyanda za Juu Kusini na masikio ya wanaozihudumia

Mjadala wa kelele nchini kwetu una msimu wake. Huibuka NEMC, baraza la taifa la mazingira, inapofungia baa, hupoa, kisha hurudi kila Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, madaktari wanapopita redioni kuwaonya vijana juu ya spika za masikioni. Yote mawili ni ya haki. Lakini sikiliza namna tunavyozungumza, utaona tumeshagawana bila kuambiana: kelele tumewapa vijana, uziwi tumewapa wazee, na kati yao hatukuweka uhusiano wowote. Kijana anaonywa kuhusu muziki. Mzee anayeuliza "umesemaje?" mara tatu anaambiwa ni umri, avumilie. Anayeachwa nje ya mazungumzo ni kibarua wa dingdong, mashine ya kupasulia mbao, kule Mafinga, mwendesha mashine ya kukoboa mpunga Igurusi, au mponda mawe kwenye karasha la Chunya. Huyo leo anasikia vizuri tu, na baada ya miaka ishirini ataambiwa naye kwamba ni umri.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizunguke. Umri haungoji kelele zimalize kazi yake ndipo uanze ya kwake. Vyote viwili vinakula akiba moja, na kelele zinazomwingia mtu kati ya miaka 20 na 35 ndizo zinazoamua kwa sehemu kubwa atafika uzeeni amebakiwa na kiasi gani. Kwa hiyo lile swali linaloulizwa kila mara, kama mzee huathirika na kelele kuliko kijana, limeshikwa kwa mkiani. Kwa kila desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inayoingia, mzee si dhaifu zaidi kama tunavyodhani. Ana kidogo cha kupoteza, na hicho kidogo ndicho kinachomwezesha kufuata mazungumzo. Anayehitaji ulinzi wa haraka ni kijana ambaye kipimo chake bado kinatoka kizuri. Na karatasi ya kipimo cha usikivu inayoandika "umri" kwa mtu aliyesimama kwenye msumeno miaka ishirini haijasema kitu mpaka isomwe pamoja na historia yake ya kazi.

Tuanze na sikio lenyewe. Koklea, kiungo kidogo kilichojikunja kama ganda la konokono ndani kabisa ya sikio, ina seli za vinyweleo zipatazo 15,000 kila upande. Hizo ndizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. (Kuku ametuzidi hapa: tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba kuku aliyeumizwa masikio na kelele huotesha seli mpya, na watafiti wangali wanahangaika kuihamishia siri hiyo kwa mamalia.) Kelele na umri vyote huua seli hizi, ila haviingilii mlango mmoja. Kelele za mashine huanza na eneo linalopokea sauti za hezi 3,000 hadi 6,000 (hezi hupima wembamba wa sauti: zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba zaidi), na hasara huwa kubwa zaidi karibu na hezi 4,000. Umri huanzia juu kabisa, hezi 8,000 na kupanda, kisha hushuka taratibu mwaka hadi mwaka. Kipimo cha usikivu kikichorwa kwenye karatasi, kelele huacha bonde: mstari unashuka ukifika 4,000, halafu unainuka kidogo kwenye 8,000. Umri huacha mteremko usioinuka tena.

Karatasi ya namna hiyo nilionyeshwa na mpasua mbao mmoja wa Mufindi, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyeshika dingdong tangu ujanani. Kwa wasioijua, dingdong ni ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishwa kutoka kitalu hadi kitalu msituni. Injini ya dizeli upande huu, msumeno wa duara upande ule, na watu wamesimama hatua mbili kutoka kwenye meno yake kutwa nzima. Kwenye karatasi hiyo namba kubwa ni hasara kubwa: sikio lake la kushoto lilikuwa desibeli 20 kwenye hezi 1,000, 35 kwenye 2,000, 60 kwenye 4,000, kisha 50 kwenye 8,000. Bonde lile pale, hata asiye daktari analiona. Chini yake mpimaji aliandika maneno matatu: "mabadiliko ya umri". Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, umri, jinsia na namba ya simu. Nafasi ya kazi haikuwamo, naye hakuulizwa.

Simlaumu sana mpimaji. Foleni za vipimo vya pamoja tunazijua. Kinachonisumbua ni yatakayofuata. Miaka kumi ijayo, mtu huyu akipimwa tena, umri utakuwa umeshusha ile hezi 8,000 kufikia au kupita kina cha 4,000. Bonde litafukiwa na utabaki mteremko mtupu. Hapo hata daktari mwangalifu, mwenye muda na nia njema, hataweza kumwambia kwa uhakika kipi kililetwa na msumeno na kipi kililetwa na miaka. Umri una tabia hiyo ya kufuta nyayo za kelele, na anayefaidika na kufutwa kwa nyayo anajulikana. Anayepimwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 amefika kwenye kesi yake baada ya ushahidi kuondoka.

Sasa lile swali. Mzee na kijana wakisimama kwenye mashine moja kwa saa zilezile, nani ataumia zaidi? Wengi tungejibu mzee, maana mwili wake umechoka. Hesabu zinazotumika viwandani zinajibu vingine. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1999, ambacho kilitolewa toleo jipya mwaka 2013, hujumlisha hasara ya umri na hasara ya kelele, kisha hupunguza kidogo: zao la hizo mbili likigawanywa kwa 120. Mtu ambaye umri peke yake ungemnyang'anya desibeli 30, na kelele peke yake 30, hafiki 60, anafika 52.5. Wapo wanaoisoma hesabu hii kama habari njema, kwamba sikio la mzee limekomaa. Inachosema ni jambo la huzuni zaidi: seli iliyokufa kwa umri haiwezi kufa mara ya pili kwa kelele. Na kuna upande mwingine wa jambo hilihili ambao viwandani hausemwi. Hasara ya kelele kwenye hezi 4,000 hukimbia zaidi katika miaka 10 hadi 15 ya mwanzo ya kazi, halafu hupunguza mwendo. Umri huenda kinyume chake, polepole mwanzoni na kwa kasi baadaye. Kijana aliyeingia kwenye dingdong akiwa na miaka 20, akifika 35 ameshapoteza sehemu kubwa ya atakachopokonywa na mashine, na huo ni umri ambao hakuna mtu Mafinga anayejihesabu mzee wala kufikiria kupima masikio.

Maabara inaongeza jambo zito zaidi. Mwaka 2006 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa panya waliopigiwa kelele za desibeli 100 kwa saa 2, mara moja tu, kila kundi katika umri wake. Panya wadogo waliumia vibaya. Waliokomaa, kwa kelele zilezile, hawakuathirika sana. Kisha wakaachwa wazeeke mahali pa kimya, na wale waliopigiwa kelele wangali wadogo walizeeka masikio vibaya kuliko wenzao wa umri uleule ambao hawakuguswa, ingawa tangu siku ile hawakukutana na kelele nyingine. Miaka mitatu baadaye watafiti haohao walionyesha kwamba hata panya ambaye kipimo chake kilirudi kuwa cha kawaida baada ya siku chache alikuwa amepoteza hadi nusu ya viungio kati ya seli za vinyweleo na neva katika eneo lililoumizwa, na neva zenyewe ziliendelea kufa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Sitaki kuruka kutoka panya hadi kibarua wa Mufindi kwa sentensi moja. Kijana wa miaka 22 si sawa na panya wa wiki sita, kelele za kazini ni za miaka na si za saa 2, na kwa binadamu walio hai ushahidi wa viungio hivyo kukatika bado unabishaniwa, kwa sababu haviwezi kuhesabiwa bila kulipasua sikio. Hata hivyo, dhana ambayo wengi wetu tunaishi nayo, kwamba masikio yakivuma jioni na kutulia asubuhi basi yamepona, haiwezi tena kutamkwa kwa ujasiri ule wa zamani.

Kwa nini basi anayelalamika ni mzee? Nenda sokoni Uyole asubuhi, bajaji zinapita, mhubiri ana spika yake, na muuza viazi anakutajia bei ya debe: elfu sita, au elfu tisa? Sita na tisa zina irabu zilezile, kwa mpangilio uleule. Tofauti yote ya shilingi elfu tatu imebebwa na "s" na "t", sauti nyembamba zinazokaa kwenye masafa ya juu, palepale mashine na miaka vinapopiga. Irabu zina nguvu, zinakaa chini, mzee anazisikia vizuri. Ndiyo maana husema "nakusikia, ila sikuelewi", na ndiyo maana ukimpigia kelele unamuudhi bure. Kijana aliyekuwa na hasara ya desibeli 5 akipoteza 10 zaidi hajui kama kuna kilichotoka. Mzee aliyekuwa na 35 akipoteza hizohizo 10 anavuka mstari; kuanzia hapo anakaa pembeni kwenye kikao cha ukoo, anacheka watu wanapocheka, na wajukuu wanaanza kuzungumza juu yake mbele yake. Kwa maana hiyo mzee ni dhaifu kweli, na mtu wa miaka 60 anayeendesha mashine ya mpunga Ubaruku hana sababu ya kusema masikio yake yamekwisha hivyo hayalindwi. Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu ugonjwa wa kusahau, katika ripoti yake ya 2024, inaweka upungufu wa usikivu miongoni mwa vihatarishi vikubwa vinavyoweza kuzuilika. Huo ni uhusiano wa kitakwimu, si hukumu juu ya kila mzee asiyesikia, lakini unatosha kuondoa ile kauli ya "ni masikio tu".

Upande wa pili una hoja, na nyingine ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni hii: kwa miongo mingi madaktari wa afya kazini wameshikilia kwamba hasara ya kelele husimama mtu anapoondoka kwenye kelele. Ikiwa ndivyo, mtu aliyeacha msumeno akiwa na miaka 45 na akawa na hali mbaya zaidi akiwa na 65, nyongeza hiyo ni ya umri, na mwajiri wa zamani hahusiki nayo. Ni hoja ya watu makini. Ila ushahidi wa watu waliofuatiliwa kwa muda mrefu haukai upande mmoja. Kule Framingham, Marekani, wanaume 203 walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Wale waliokuwa na bonde la kelele tangu mwanzo hawakuendelea kupoteza sana palepale penye bonde, jambo linaloafikiana na ile hesabu ya ISO. Lakini walipoteza zaidi kwenye hezi 2,000, jirani wa bonde, eneo ambalo mazungumzo yanalitegemea mno. Tafiti nyingine za kufuatilia wazee hazikuona tofauti hiyo. Kwa usomaji wangu, hakuna anayeweza kusema kwa kiapo kwamba kelele za zamani huendelea kuua, na hakuna anayeweza kusema kwa kiapo kwamba huacha. Katika hali hiyo ya shaka, nani abebe gharama? Hapa sayansi imefika ukingoni, linalobaki ni suala la haki.

Kuna ushahidi mwingine nauona una uzito kuliko unavyopewa. Mwaka 1962 daktari Samuel Rosen na wenzake walichapisha vipimo vya Wamabaan, watu wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, walioishi mahali pasipo bunduki, mashine wala hata ngoma za kelele nyingi. Wazee wao walisikia sauti nyembamba vizuri kuliko wazee wa mijini Marekani, kwa tofauti kubwa. Utafiti huo una kasoro zinazojulikana: umri wa watu wasio na vyeti vya kuzaliwa ni wa kukadiria, chakula chao kilikuwa tofauti, shinikizo la damu lilikuwa la chini, na huenda hata nasaba ina mchango. Lakini mwaka 2020 kikundi cha Boston kilichunguza masikio 120 ya watu waliofariki, na kikakuta kwamba hasara ya uzee ilifuata zaidi idadi ya seli za vinyweleo zilizokufa, kinyume na maelezo ya miaka mingi kwamba tatizo kuu ni kuchakaa kwa tishu inayozipa seli hizo nguvu. Tena binadamu walikuwa wamepoteza seli nyingi kuliko wanyama wanaozeeka maabara penye kimya. Ukiziweka tafiti hizi mbili meza moja, inakuwa vigumu kuamini kwamba tunachokiita uziwi wa uzee ni uzee mtupu. Familia za Rungwe na Kyela zilizokuwa na babu aliyekwenda Wenela kuchimba dhahabu Afrika Kusini zinamkumbuka mzee wa namna hiyo, na sidhani kuna aliyewahi kumuuliza kuhusu baruti na mashine za kutoboa miamba.

Hoja nyingine ya upande wa pili naikubali kabisa: si kila kiziwi wa Mufindi ni kiziwi wa msumeno. Kuna waliotokwa usaha masikioni tangu utotoni bila matibabu. Kuna waliochomwa sindano za streptomaisini kwa ajili ya kifua kikuu, au jentamaisini kwa ajili ya maambukizi makali, dawa zilizookoa maisha na kuua seli zilezile za vinyweleo. Kuna sukari, kuna shinikizo la damu, kuna sigara. Utafiti wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta asilimia 48 wana upungufu wa usikivu, dhidi ya asilimia 31 ya walimu wa shule za msingi waliolinganishwa nao. Watu hunukuu ile 48. Mimi navutiwa na ile 31, kwa sababu inawanyima raha wote: haimruhusu mwanaharakati kudai kwamba kila hasara ni ya kiwandani, na haimruhusu mwenye kiwanda kudai kwamba hasara yote ingekuja tu. Pengo la asilimia 17 katikati ndilo la kujibiwa.

Iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi ukitembea kwenye vitalu, ni ile ya kuzoea. "Sisi masikio yetu yameshazoea." Kijana wa wiki ya kwanza analalamika kichwa kinamvuma, wa mwezi wa sita halalamiki, basi ikahitimishwa kwamba sikio limeota sugu kama kiganja. Sikio haliwezi kuota sugu. Kilichotokea ni kwamba ubongo umejifunza kutojali, au sehemu ya masafa imeshaondoka na msumeno wenyewe umeanza kusikika mpole. Mtu asiyesumbuliwa tena na kelele ya chensoo anatakiwa kupimwa kesho, siyo kusifiwa. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, hivyo hivyo mpaka 100, ambazo ni dakika 15 kwa siku nzima. Chensoo hupita 100 bila shida. Anayeangusha miti tangu saa mbili asubuhi ameshamaliza mgawo wake kabla ya kunywa chai.

Hapa ndipo suala la fidia linapokuwa gumu. Utaratibu wa kupunguza hasara ya umri kutoka kwenye kipimo cha mfanyakazi, ili ibaki ile ya kelele peke yake, unaonekana wa haki ukiusikia mara ya kwanza: mwajiri asilipie miaka. Sheria za usalama kazini za Marekani zinauruhusu. Lakini NIOSH, katika mapendekezo yake ya 1998, ilikataa usitumike kwa mtu mmoja mmoja, na sababu inaeleweka. Jedwali la umri ni wastani wa kundi. Nusu ya watu wa miaka 55 wanasikia vizuri kuliko jedwali linavyosema, na hakuna namna ya kujua kama huyu aliyekaa mbele yako angekuwa katika nusu ipi bila msumeno. Ukimkata desibeli 15 za "umri" unamkata kwa kukisia, na kisio hilo daima linaelemea upande mmoja. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008. Vyombo vipo. Ila chombo cha fidia hufanya kazi kwa karatasi, na kibarua wa dingdong analipwa kwa siku au kwa idadi ya mbao, jina lake liko kwenye daftari la karani, na daftari likijaa linawashiwa moto wa chai.

Mwenye dingdong naye hanunui hoja hizi kirahisi, na si kwa ukatili. Atakwambia faida ni nyembamba, ushuru ni mwingi, na kwamba mtu aliyeziba masikio hasikii gogo likibana wala mwenzake akipiga yowe. Hilo la mwisho lina ukweli hasa kwa mfanyakazi mwenye umri mkubwa: aliyeshapoteza masafa ya juu akivalishwa kizibo kizito anaweza kupoteza na onyo. Jibu lake ni ishara za mikono zilizokubaliwa na vizibo visivyozuia kupita kiasi. Kumwacha mtu masikio wazi hakumsaidii, kwani baada ya miaka michache hatasikia yowe hilo hata bila kizibo. Na hatua za bei ndogo zipo kabla ya kufika kwenye vizibo. Msumeno ulionolewa na kunyooshwa hupiga kelele kidogo kuliko butu. Bomba la moshi lenye sailensa nzima ni tofauti na lililotobolewa. Mahali pa wazi, kuongeza umbali kutoka kwenye chanzo mara mbili hupunguza takriban desibeli 6, ambazo kwa hesabu ya juu ni kuongezewa muda mara nne. Wale wanaopanga mbao hawana sababu ya kuzipangia palepale zinapotokea. Kubadilishana zamu kati ya kushika gogo na kubeba mbao ni jambo la kuamuliwa asubuhi bila senti moja, na akina mama wanaozoa pumba kwenye mashine za Mbarali, ambao hakuna anayewahesabu kuwa ni wafanyakazi wa mashine, wangeweza kuzoa ikiwa imezimwa.

Lakini kama ingebidi nichague jambo moja kutoka katika yote haya, ningechagua kipimo cha kwanza, cha siku mtu anapoanza kazi, kabla mashine haijamgusa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kesi ya miaka thelathini baadaye, nacho ndicho pekee kinachoweza kusimama mbele ya neno "umri". Kipimo cha miaka 22 chenye desibeli 5 kwenye hezi 4,000, kikifuatiwa na cha miaka 27 chenye 25 na bonde limeshaanza kuonekana, hakiachi nafasi ya kukisia. Mtu wa miaka 27 hana uzee wa kusingizia. Fomu iwe na mstari wa kazi na miaka aliyoifanya, mstari wa sindano za kifua kikuu, mstari wa usaha wa utotoni. Na nakala apewe mfanyakazi mwenyewe mkononi, au ipigwe picha kwenye simu yake. Dingdong huuzwa, hubadilisha mwenyewe, huhama kutoka Sao Hill kwenda Njombe kitalu kikiisha. Karatasi ikibaki kwa mwenye mashine, itaondoka na mashine.